Betri Iliyotumwa Kabla Haijawapo

Mdogo wangu alinipigia simu siku ya 19 tangu alipolipia betri ya laptopu yake kwenye soko la mtandaoni. Hakupiga kulalamika. Alitaka kujua kama ni uungwana kumfungulia madai muuzaji mwenye adabu namna ile. "Kaka, kila nikimwandikia anajibu siku hiyohiyo, tena anaomba radhi. Naona aibu kumshtaki."

Nilimwomba anitumie kila alichonacho: ukurasa wa bidhaa, uthibitisho wa oda, namba ya kufuatilia mzigo na mazungumzo yote. Kabla ya kusoma hata neno moja la muuzaji, nilivipanga kwa tarehe kwenye karatasi. Nimejifunza kuanza hivyo kwa sababu ujumbe mpole humvuta msomaji upande wake, na ukishavutwa huzioni tena tarehe zinasema nini.

Zilisema hivi. Siku aliyonunua, ukurasa uliandika "zimebaki 2", muda wa kuandaa siku 1 hadi 2 za kazi, na mzigo kufika kati ya siku ya 8 na ya 14. Siku ya 2 oda ikabadilika kuwa "imetumwa", na namba ya kufuatilia ikatolewa. Siku ya 9 ile namba bado ilikuwa na mstari mmoja tu: taarifa za mzigo zimepokelewa kielektroniki. Akauliza, akajibiwa: "Ndugu mteja, samahani kwa usumbufu. Betri hupitia ukaguzi maalumu kabla ya kupakiwa ndegeni. Tunaomba subira yako." Siku ya 14 ikapita kavu. Siku ya 15 muuzaji akatuma ombi, kupitia mfumo wa soko lenyewe, la kusogeza tarehe ya kufika hadi siku ya 30, na chini yake akaandika: "Tafadhali usifungue madai, yatachelewesha mzigo wako." Mdogo wangu akabonyeza "nakubali". Siku ya 19 mstari ulikuwa uleule mmoja.

Nilipofungua ukurasa wa bidhaa siku hiyo niliona jambo ambalo yeye hakuwa amelitazama tena tangu alipolipa. "Zimebaki 2" ilikuwa palepale. Ila muda wa kuandaa ulikuwa umetoka siku 2 na kuwa siku 15. Bahati nzuri barua pepe ya uthibitisho wa oda ilikuwa na ule muda wa zamani, la sivyo tusingekuwa na cha kulinganisha. Betri iliyo mkononi haihitaji siku 15 kufungwa kwenye boksi. Hapo ndipo nilipoacha kuliita jambo hili ucheleweshaji.

Namba ya stoku ni neno la muuzaji

Mtu akisoma "zimebaki 2" huona rafu, na juu yake betri mbili. Kumbe anachosoma ni tarakimu ambayo muuzaji ameijaza kwenye fomu. Soko lenyewe halijawahi kuiona hiyo betri. eBay, iliyoanza mwaka 1995, imesimama juu ya wauzaji wa nje tangu mwanzo. Amazon, iliyoanza kwa kuuza vitu vyake yenyewe, iliwafungulia wauzaji wa nje mlango mwaka 2000. Mahali ambapo mzigo umelala kwenye ghala la soko, namba ya stoku hutokana na hesabu ya ghala hilo na huaminika zaidi. Mahali ambapo muuzaji anajitumia mwenyewe, namba ni kauli yake.

Na kauli hiyo inaweza kuwa na kosa bila mtu yeyote kukusudia. Muuzaji mwenye betri moja huitangaza kwenye masoko matatu kwa wakati mmoja. Ikinunuliwa huku, programu inayounganisha stoku yake inatakiwa ipunguze kule kwingine, na ikichelewa hata kwa saa chache watu wawili watakuwa wamelipia betri moja. Wapo pia wasioshika bidhaa kabisa: hupokea oda yako, kisha wanaagiza kwa msambazaji akutumie moja kwa moja. Huyu anapoandika "zimebaki 2" anakisia stoku ya mtu mwingine. Sioni dhambi katika biashara ya namna hiyo yenyewe. Dhambi naiona pale msambazaji anapoishiwa, muuzaji anajua, na tangazo linabaki hewani likiendelea kupokea pesa.

Kwa nini libaki? Tangazo la zamani lina thamani yake. Limebeba maoni ya wanunuzi, historia ya mauzo na nafasi nzuri kwenye matokeo ya utafutaji, na muuzaji anaogopa kuvipoteza akilifunga. Hofu hiyo naielewa, ila haina nguvu kama inavyodaiwa. eBay, kwa mfano, ina mpangilio unaomruhusu muuzaji kuweka stoku sifuri, tangazo likafichika kwa wanunuzi na historia yake ikabaki salama hadi mzigo uingie. Anayechagua kurefusha muda wa kuandaa badala ya kuandika sifuri amechagua kufanya biashara kwa pesa ya mnunuzi.

"Imetumwa" ina maana gani

Mdogo wangu aliniambia mara tatu kwenye simu ile: "Lakini imeshatumwa, kaka." Neno hilo ndilo lililomtuliza kwa siku 17.

Kwenye masoko mengi, oda hubadilika kuwa "imetumwa" muuzaji anapojaza namba ya kufuatilia au anapochapisha lebo. Kuchapa lebo ni kazi ya dakika moja, na hufanyika boksi likiwa bado halijapatikana. Ule mstari wa "taarifa zimepokelewa kielektroniki" unasema kwamba kompyuta ya muuzaji imezungumza na kompyuta ya msafirishaji. Kifurushi huanza kuwapo, kwa maana ya ushahidi, pale mfanyakazi wa msafirishaji anapokiskani kwa mara ya kwanza: kimepokelewa, mahali fulani, saa fulani. Kabla ya hapo una lebo tu.

Namba yenyewe haikuwa ya kubuni. Ilikuwa na herufi na tarakimu 13, mfumo wa S10 wa Umoja wa Posta Duniani: herufi mbili za aina ya huduma, tarakimu nane, tarakimu moja ya uhakiki, kisha herufi mbili za nchi inakotoka. Ile tarakimu ya tisa hukokotolewa kutokana na nane zilizotangulia, hivyo mtu akikosea kunakili mfumo utakataa. Mdogo wangu aliona namba imekubaliwa akadhani mzigo umethibitishwa. Kilichothibitishwa ni kwamba namba imeandikwa sawasawa.

Kuna sababu inayoeleweka ya kuharakisha neno "imetumwa". Masoko humpima muuzaji kwa kasi ya kutuma. Amazon inamtaka anayejitumia mwenyewe abakize oda zinazochelewa kutumwa chini ya asilimia 4. Kipimo kama hicho kiliwekwa kumlinda mnunuzi, na kwa muuzaji mwaminifu kinafanya kazi hiyo. Kwa asiye na mzigo, kinampa sababu ya kuchapa lebo mapema ili saa yake isimame. Saa ya mnunuzi inaendelea kutembea.

Sababu ya kweli mahali pasipo pake

Nataka nimtendee haki muuzaji huyu kuhusu ukaguzi wa betri, kwa sababu alichosema kipo. Betri za lithiamu, aina itumikayo kwenye laptopu, zikipata hitilafu huwaka moto mgumu kuzima. Tangu tarehe 1 Aprili 2016, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limepiga marufuku betri za lithiamu-ioni zinazosafiri peke yake kubebwa kama mizigo kwenye ndege za abiria. Zikienda kwa ndege za mizigo, chaji yake isizidi asilimia 30. Boksi linatakiwa kuwa na alama zake, na posta nyingi huzikataa kabisa betri zisizo ndani ya kifaa. Kwa hiyo anayeagiza betri peke yake kutoka nchi nyingine ajiandae kusubiri kuliko anayeagiza kava la simu, na muuzaji anayemwambia hivyo kabla ya kulipa anamfanyia wema.

Ila ukaguzi huo hukutana na boksi baada ya boksi kukabidhiwa. Mkaguzi hawezi kuchelewesha kitu ambacho msafirishaji hajakipokea. Maelezo ya siku ya 9 yalikuwa ya kweli kuhusu betri kwa ujumla na hayakuhusu kabisa betri ya mdogo wangu. Maelezo ya aina hii ndiyo hatari kuliko uongo mtupu, maana ukienda kuyahakiki utayakuta ni sahihi, na ukishayakuta sahihi utasubiri kwa moyo mkunjufu.

Kwa hiyo siku ya 20 tuliandika swali moja, bila lawama wala maelezo: "Je, kifurushi kimeshakabidhiwa kwa msafirishaji? Kama ndiyo, tarehe gani?" Nilimkataza mdogo wangu kuongeza neno lolote. Ujumbe wake wa awali ulikuwa na maswali manne manne, na kila mara muuzaji alijibu lile lililo rahisi.

Jibu lilikuja jioni. "Ndugu mteja, tunasikitika, msambazaji wetu ameishiwa. Mzigo mpya unatarajiwa baada ya wiki 3. Kama huwezi kusubiri, tafadhali ghairi oda wewe mwenyewe na uchague sababu 'sihitaji tena'. Tutakurudishia pesa yote mara moja."

Kitufe cha nani

Mdogo wangu alifurahi. Ukweli umepatikana, pesa inarudi. Alikuwa ameshafungua ukurasa wa kughairi nilipomwambia asubiri. Hapa ndipo kisa hiki kinanikera zaidi.

Oda ikighairiwa na muuzaji kwa kukosa bidhaa, inamhesabia. Amazon inataka oda ambazo muuzaji anazighairi kabla ya kuzituma zisifike asilimia 2.5. eBay huhesabu kughairi kwa kukosa stoku kuwa kasoro ya muuzaji, na kasoro zikizidi asilimia 2 ya mauzo yake hushuka daraja. Soko alilonunua mdogo wangu nalo lina kanuni za jamii hiyo. Mnunuzi akighairi kwa kusema "sihitaji tena", kasoro inafutika. Kumbukumbu itaonyesha mteja aliyebadili mawazo na muuzaji mvumilivu aliyemrudishia pesa.

Kwa hiyo ombi lile, lililoandikwa kwa heshima zote, lilimtaka mdogo wangu atoe ushahidi wa uongo dhidi yake mwenyewe. Madhara hayaishii kwake. Anayekuja kesho kutafuta betri hiyohiyo ataangalia daraja la muuzaji, na daraja hilo litakuwa safi kwa sababu watu ishirini waungwana wamebonyeza "sihitaji tena". Wapo watakaosema pesa ikirudi yametosha, kwa nini kumwandama mtu. Sikubaliani nao. Alama ya muuzaji ndiyo kitu pekee ambacho mnunuzi asiyemjua anaweza kukitegemea, na kila anayeichafua kwa kuonea mtu aibu anamwibia mwenzake asiyemfahamu.

Pia kuna hatari ya karibu zaidi. Kwenye baadhi ya masoko, mnunuzi akishaghairi kwa hiari yake hawezi tena kudai kwamba bidhaa haikufika. Ahadi ya "mara moja" ikiyeyuka, atabaki akijieleza kwa nini alisema haihitaji. Jamaa ya mtego huu ni ule wa "funga madai kwanza, nitakurudishia pembeni". PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, kwa mfano, haifungui tena shauri ambalo mnunuzi amelifunga mwenyewe.

Siku 15 zilizotolewa zawadi

Tulipokwenda kufungua madai ya "bidhaa haijafika", mfumo ulitukatalia. Tarehe ya kufika ilikuwa siku ya 30, na mwenye oda alikuwa ameridhia. Kubonyeza "nakubali" kulikochukua sekunde moja kulikuwa kumesogeza mlango wa madai kwa wiki mbili.

Sisemi mtu asikubali kamwe kuongezewa muda. Dhoruba hufunga bandari. Mwaka 2021 meli ya Ever Given ilikwama kwenye Mfereji wa Suez kuanzia tarehe 23 hadi 29 Machi, na mizigo ya watu wasiohusika kwa lolote ikachelewa wiki kadhaa. Kama kifurushi kimeskaniwa na kinaonekana kimekwama njiani, kusubiri ni busara. Kama hakijaskaniwa hata mara moja, unayeombwa subira hujaonyeshwa cha kusubiri.

Kila ulinzi wa mnunuzi una saa yake, na hazifanani. Dhamana ya A-to-z ya Amazon huruhusu madai hadi siku 90 baada ya tarehe ya mwisho iliyokadiriwa ya kufika. eBay hutoa siku 30 baada ya tarehe hiyo. PayPal huhesabu siku 180 tangu kulipa, na shauri likishafunguliwa una siku 20 za kulipandisha kuwa madai kamili, la sivyo linajifunga lenyewe. Kwa kadi za Visa na Mastercard, dai la kurejeshewa kupitia benki kwa bidhaa ambayo haikuletwa huwa na kikomo cha kawaida cha siku 120. Muuzaji mzoefu anazijua saa hizi zote kwa kichwa. Mnunuzi mara nyingi huzisikia siku zimeshapita.

Watunga sheria nao wameliona tatizo hili, wengine zamani, kabla ya intaneti. Marekani ilitunga kanuni mwaka 1975 kwa ajili ya biashara ya oda za posta, na leo inagusa oda za mtandaoni: muuzaji awe na msingi wa kuamini atatuma ndani ya muda aliotaja, au ndani ya siku 30 kama hakutaja, na akishindwa ni lazima amjulishe mnunuzi na kumpa nafasi ya kughairi na kurudishiwa pesa. Ninachokipenda ndani ya kanuni hiyo ni jinsi inavyoushughulikia ukimya. Ucheleweshaji wa kwanza ukiwa wa siku 30 au pungufu, ukimya wa mnunuzi huchukuliwa kuwa ameridhia. Ukizidi hapo, au tarehe mpya isipojulikana, ukimya humaanisha oda imekufa na pesa irudi. Umoja wa Ulaya nao, katika maagizo yake ya mwaka 2011 kuhusu haki za mtumiaji, uliweka kikomo cha siku 30 tangu mkataba kufungwa, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vingine. Ikipita, mnunuzi hutoa muda wa nyongeza unaofaa, na ukipita nao anaweza kuvunja mkataba. Angalia anayetoa muda wa nyongeza pale ni nani.

Mwisho wa oda

Tulikuwa na kitu kimoja ambacho mfumo haukuweza kukikataa: muuzaji mwenyewe ameandika, ndani ya sanduku la ujumbe la soko, kwamba hana bidhaa. Kama mazungumzo yangekuwa yamehamia kwenye simu, kama alivyopendekeza siku ya 9, ushahidi huo usingekuwapo machoni pa soko. Kwa hili namsifu mdogo wangu, alikataa kuhama kwa sababu tu hapendi kugawa namba yake.

Tuliandikia huduma kwa wateja sentensi tatu: tarehe ya oda, kwamba mzigo haujaskaniwa hata mara moja, na kauli ya muuzaji ikiwa na tarehe na picha ya skrini. Mhudumu wa kwanza alijibu tusubiri siku ya 30. Hakuwa ameifungua picha, naamini. Tulimjibu kwamba hatuombi madai ya kuchelewa, tunaomba oda ighairiwe kwa sababu muuzaji amekiri hana bidhaa. Siku ya 22 mhudumu mwingine akalichukua. Siku ya 24 oda ikaghairiwa, sababu ikaandikwa "muuzaji hana stoku", na siku ya 31 pesa ikaonekana kwenye kadi. Wiki nzima kati ya "imerudishwa" na kuonekana ni mwendo wa benki. Mdogo wangu alitaka kuwaandikia tena kwa hasira, nikamwambia atulie.

Betri ya pili aliinunua kwa mtu mwingine. Safari hii, kabla ya kulipa, aliuliza ndani ya sanduku la ujumbe: "Unayo mkononi sasa hivi? Naomba picha ya lebo yake ya nyuma, na siku utakayoikabidhi kwa msafirishaji." Wa kwanza aliyemuuliza alimtumia picha ileile ya kwenye tangazo. Wa pili alikaa kimya. Wa tatu alituma picha ya betri ikiwa juu ya meza, imepigwa vibaya, kivuli cha mkono kikiwa kimeifunika nusu, na kuandika kwamba basi la posta hupita Alhamisi. Iliskaniwa Alhamisi.

Soko lile la kwanza lilimpa nafasi ya kuacha maoni hata baada ya kurudishiwa pesa. Aliniomba nimwandikie, nikakataa, akaandika mwenyewe. Hakutukana wala hakusifu majibu ya haraka. Aliweka tarehe tano na alichoambiwa kwenye kila tarehe. Nilipopita kwenye ukurasa ule wiki iliyofuata, stoku ilikuwa imeandikwa sifuri.